Ripoti Hii Ni ya Saa Ngapi?

Mradi wa ripoti ukianza katika kampuni, bosi huwa na ombi moja kubwa: anataka kuona mauzo yakitokea, papo hapo, bila kumsubiri mtu wa IT. Mtaalamu wa data akiuliza ni uamuzi gani utakaobadilika kama namba itachelewa kwa saa sita, kikao hukaa kimya kidogo, kisha mtu husema kwamba washindani wanayo. Basi inaagizwa. Miezi mitatu baadaye ripoti inafunguka taratibu, mfumo wa kaunta unalegea kila asubuhi, na hakuna anayekumbuka ule upapo-hapo ulitafutwa wa nini.

Kila namba kwenye dashibodi ina saa tatu nyuma yake. Kuna saa ambayo jambo lilitokea, mfuko wa saruji ulipouzwa. Kuna saa ambayo liliingizwa kwenye mfumo, pengine jioni hiyo hiyo, pengine Jumamosi karani alipopata nafasi ya kunakili risiti za wiki nzima. Halafu kuna saa ambayo ripoti ilizichota taarifa hizo. Namna ripoti inavyounganishwa na data inagusa saa ya tatu peke yake. Kama risiti za tawi la Mbeya zinaingizwa Jumamosi, hakuna muunganisho duniani utakaomwonyesha mkurugenzi mauzo ya Jumatano siku ya Jumatano. Atakachoona ni upya wa kuchota, huku chenyewe kilichochotwa ni cha zamani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: katika ofisi nyingi, nakala ya data iliyochotwa kwa ratiba ndiyo ya kuanzia, na anayetaka muunganisho wa moja kwa moja ndiye anayepaswa kujieleza. Nitaeleza kwa kutumia Power BI ya Microsoft, kwa sababu ndiyo inayokutwa kwenye ofisi nyingi na ndiyo iliyoweka machaguo haya wazi kwenye menyu, ingawa wenzake wana mambo yale yale kwa majina mengine. Tableau, kwa mfano, humtaka mtumiaji achague kati ya dondoo la data na muunganisho hai, na tangu toleo la 10.5 la Januari 2018 madondoo yake yanahifadhiwa na injini ya Hyper, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani kuliko bidhaa zote hizi. Mwaka 1993 Edgar Codd, yule yule aliyeasisi modeli ya hifadhidata za uhusiano mwaka 1970, alitoa andiko lililofadhiliwa na kampuni ya Arbor Software na kuupa uchambuzi wa aina hii jina la OLAP. Mara kambi mbili zikajitokeza. Moja ilitaka majumlisho yote yakokotolewe mapema na kuwekwa tayari kwenye muundo wa pekee; nyingine ikasema hifadhidata ipo, iulizwe. Microsoft ilipotoa zana zake za OLAP pamoja na SQL Server 7.0 mwaka 1998, juu ya teknolojia iliyonunua kwa kampuni ya Panorama ya Israel, iliweka njia zote mbili na ya tatu ya mchanganyiko. Anayefungua Power BI leo na kukuta Import (nakala), DirectQuery (muunganisho wa moja kwa moja) na Dual (mchanganyiko) anakutana na swali lile lile. Kilichobadilika katikati ni kwamba kumbukumbu ya kompyuta ilishuka bei, na mwaka 2010 Power Pivot ikaingia kwenye Excel na injini iitwayo VertiPaq, ambayo huibana data nzima na kuikalisha kwenye RAM. Injini hiyo ndiyo iliyobeba Power BI ilipozinduliwa rasmi Julai 2015.

Inafaa kuitazama kwa karibu, maana watu wengi huikataa nakala kwa kudhani ni mzigo mkubwa.

Chukua jedwali la miamala milioni 20 ya msambazaji wa bidhaa Tanzania, lenye safu wima inayotaja mkoa. Hifadhidata ya kawaida huweka kila mstari kwa ukamilifu wake: tarehe, mteja, mkoa, kiasi, kisha mstari unaofuata. VertiPaq huligeuza jedwali lisimame kwa safu wima. Safu ya mkoa inawekwa peke yake, na badala ya kuandika jina mara milioni 20, injini hutengeneza orodha ndogo ya majina 31, maana Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja zina mikoa 31, na kila jina linapewa namba. Kuzitofautisha namba 31 unahitaji biti 5 tu. Biti 5 mara milioni 20 ni kama megabaiti 12 na nusu. Majina yenyewe, hata ukikadiria herufi 6 kwa jina moja, yangekula megabaiti 120. Na kama data imepangwa ili mistari ya mkoa mmoja ifuatane, injini haihitaji hata hizo biti. Inaandika tu kwamba Arusha inaanzia hapa na kurudiwa mara kadhaa, kisha Dodoma, na kuendelea.

Sasa tazama safu ya muda wa muamala, iliyoandikwa hadi sekunde. Siku ina sekunde 86,400 na mwaka una zaidi ya milioni 31, kwa hiyo miamala milioni 20 inaweza kuwa na thamani zisizojirudia karibu sawa na mistari yenyewe. Orodha haisaidii kitu hapo, na mara nyingi safu hii moja ndiyo inayolifanya faili zima kuvimba. Tenganisha tarehe na saa, upate tarehe 365 upande mmoja na sekunde 86,400 upande mwingine, na uzito unaporomoka. Kama hakuna anayechambua sekunde, na nani anazichambua katika biashara ya saruji, baki na saa: thamani 24. Microsoft hukadiria kwamba data ikiingizwa hubanwa hadi kama sehemu moja ya kumi, na leseni ya kawaida ya Pro inaruhusu modeli ya hadi gigabaiti 1. Wengi wanaolalamika kwamba data yao haiingii humo hawajafuta namba za risiti, maelezo marefu ya karani na zile safu za sekunde.

Nakala ina mipaka yake halisi. Kwa leseni ya Pro ratiba inaruhusu kuhuisha mara 8 kwa siku, na kwa leseni za juu mara 48. Mara 8 zikigawanywa katika saa kumi za kazi ni kama kila saa na robo, jambo linalotosha biashara nyingi kuliko zinavyokubali. Tatizo linalouma zaidi ni la kibinadamu. Data ikiwa kwenye seva ya ofisini, programu ya lango lazima iwe hewani kwenye kompyuta fulani ili wingu liifikie. Kompyuta hiyo ikizimwa Ijumaa jioni pamoja na taa, data ya wikendi haichotwi, na baada ya kushindwa mara nne mfululizo Power BI huifunga ratiba yenyewe. Taarifa ya kushindwa humwendea mwenye modeli, ambaye pengine alishaacha kazi. Ripoti inaendelea kufunguka vizuri, kwa kasi ile ile, ikiwa na namba za wiki tatu zilizopita. Ndiyo maana ripoti ya nakala isiyoonyesha juu yake tarehe na saa ya kuchotwa haistahili kutolewa nje ya meza ya aliyeitengeneza.

DirectQuery ni kinyume chake. Ripoti haihifadhi data yoyote zaidi ya maelezo ya majedwali; kila chati inapotakiwa kuonekana, swali linaandikwa na kupelekwa kwenye hifadhidata, kama mtu anayempigia simu mtunza stoo kila anapotaka kujua kilichobaki. Kwa mtu mmoja na swali moja, ni njia safi kabisa. Hesabu inaanza kubadilika watu wakiwa wengi. Ukurasa wenye vielelezo 12, ukifunguliwa na mameneja 40 Jumatatu asubuhi, unazaa maswali yasiyopungua 480, na kila anayebofya kichujio cha tawi anaamsha mengine 12. Yote yanaangukia hifadhidata ile ile ambayo wakati huo inahudumia wateja waliopanga foleni kaunta. Hifadhidata ya kaunta imejengwa kuandika muamala mmoja haraka. Kuulizwa jumla ya miaka mitatu kwa kila tawi ni kazi ambayo hakuna aliyeiandalia.

Mwongozo wa Microsoft wenyewe unashauri kwamba swali la kawaida lijibiwe ndani ya sekunde 5, na unaonya kwamba likizidi sekunde 30 mtumiaji hataridhika. Likikaribia dakika 4, huduma ya mtandaoni hulikatisha. Swali linalorudisha zaidi ya mistari milioni moja nalo hushindwa. Kuna pia jambo lisilosemwa sana: chati mbili kwenye ukurasa mmoja huuliza kwa nyakati tofauti kidogo, na kama miamala inaingia katikati, jumla ya chati ya juu haitalingana na jumla ya chati ya chini. Mhasibu akiona hivyo mara moja tu, imani yake kwa ripoti nzima imeshaondoka.

Dawa inayotolewa kwa kawaida ni kuitengenezea hifadhidata pacha wa kusomea, ili maswali ya ripoti yasiisumbue kaunta. Ni dawa nzuri. Lakini angalia kilichofanyika: tumekataa nakala ndani ya Power BI, tukatengeneza nakala nyingine nje yake, tena inayobaki nyuma ya mama yake kwa sekunde au dakika kadhaa.

Kwetu Afrika Mashariki kuna suala la njia pia. Ofisi ikiwa Dodoma, seva ikiwa Dodoma na msomaji akiwa Dodoma, ripoti ya DirectQuery iliyowekwa kwenye wingu haizungumzi kwa kuvuka korido. Mbofyo unakwenda hadi kituo cha data kilipo, Afrika Kusini au Ulaya, swali linarudi kupitia lango hadi seva ya Dodoma, jibu linapanda tena kwenye wingu, kisha picha inamshukia msomaji. Hiyo ni kwa kila kielelezo. Nakala ikiwa tayari kwenye wingu, safari inayobaki ni ya msomaji na wingu tu. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, hakuna hali ya ripoti ya mtandaoni iliyopona kabisa, lakini mwenye faili la nakala kwenye kompyuta yake aliweza kulifungua na kuendelea na kikao. Wa DirectQuery alihitaji kuwa karibu na seva yenyewe.

Isidhaniwe kwamba muunganisho wa moja kwa moja hauna pake. Anayesimamia mawakala wa pesa za simu anahitaji kujua kwamba floti ya wakala inaisha sasa, kabla mteja wa tatu hajarudishwa mikono mitupu. Namba ya saa moja iliyopita ni historia kwake. Anayefuatilia miamala ya ulaghai yuko hivyo hivyo. Wapo pia wenye data kubwa mno, mabilioni ya mistari kwenye hifadhidata iliyojengwa kwa uchambuzi, ambao hawana sababu ya kuihamisha. Na wapo waliokatazwa kuitoa data ilipo. Mbali na hao, orodha huwa fupi kuliko maombi.

Mfano mzuri wa nchi nzima kuishi na data iliyochelewa kwa makusudi upo kwenye afya. DHIS2, mfumo uliotengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, ulianza kutumika kitaifa Kenya mwaka 2011 na baadaye Tanzania, ambako unabeba takwimu za MTUHA, yaani taarifa za huduma za afya. Muuguzi wa zahanati hujaza rejista kwa mkono kila siku, mwisho wa mwezi zinajumlishwa, kisha fomu inaingizwa kwenye mfumo. Grafu na ramani za DHIS2 hazisomi zile fomu moja kwa moja. Zinasoma majedwali maalumu ya uchambuzi, ambayo kwa kawaida huzalishwa upya usiku. Mganga mkuu wa wilaya akiingiza takwimu saa nne asubuhi na kufungua dashibodi saa tano, anaweza asiione namba yake hadi kesho. Wanaoujua mfumo wameshazoea. Wageni hudhani data imepotea. Ukipima hizo saa tatu nilizozitaja, utaona waundaji hawakukosea. Takwimu iliyosafiri mwezi mzima kutoka kwenye rejista haiharibiki kwa kulala usiku mmoja, na badala yake maelfu ya watumiaji wanapata grafu inayofunguka hata kwa intaneti ya kubahatisha.

Kati ya nakala na muunganisho wa moja kwa moja kuna uwanja mpana ambao wengi hawaufikii, kwa sababu wanachagua hali moja kwa ripoti nzima. Tangu mwaka 2018 Power BI inaruhusu kila jedwali liwe na hali yake. Miamala mikubwa inaweza kubaki kwenye chanzo, huku jumla za kila siku kwa kila tawi zikiwekwa kama nakala. Msomaji akiangalia mwaka, jibu linatoka kwenye nakala. Akichimba hadi risiti moja, ndipo chanzo kinaulizwa. Majedwali madogo ya tarehe, bidhaa na matawi huwekwa kwenye hali ya Dual ili yaweze kushirikiana na pande zote mbili bila kuleta uhusiano dhaifu kati ya majedwali, ule unaofanya jumla zipotee au kukokotolewa polepole. Ni kazi ya fundi, na inachosha kuitunza. Nikiwa na hiari, kabla ya kufika huko nitajaribu kwanza kuhuisha kwa sehemu: data ya miaka mitano iliyopita inabaki ilivyo, zinachotwa siku kumi za mwisho tu. Muamala wa mwaka juzi hauna sababu ya kuletwa upya kila alfajiri. Huduma hii zamani ilikuwa ya leseni ghali, lakini tangu 2020 wenye Pro nao wanayo, na inashangaza ni modeli ngapi bado zinabeba historia nzima mara nane kwa siku.

Upo muunganisho mwingine, “live connection”, ambao jina lake huwachanganya watu. Ripoti inaweza kuungana moja kwa moja na modeli iliyokwisha kutengenezwa na kuwekwa kwenye huduma, bila kuwa na data yake. Watu huona neno la uhai kwenye jina na kudhani data ni ya papo hapo. Siyo. Modeli hiyo yenyewe inaweza kuwa nakala ya saa kumi na moja alfajiri. Kilicho cha moja kwa moja ni uhusiano wa ripoti na modeli. Kwa maoni yangu hili ndilo chaguo lenye faida kubwa kuliko yote katika taasisi yenye idara nyingi, na halihusu kasi hata kidogo. Idara ya mauzo ikijitengenezea nakala yake na fedha yake, moja itahesabu mauzo pamoja na VAT na nyingine bila VAT, moja itaondoa bidhaa zilizorudishwa na nyingine itazisahau. Kikao cha bodi kitatumia saa nzima kubishana namba ya nani ni sahihi. Modeli moja, ripoti nyingi juu yake, na ubishi huo unahamia mahali pake, yaani kwa yule aliyepewa jukumu la kuandika maana ya mauzo.

Sheria nayo imeingia kwenye chaguo hili. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na ya Tanzania ya kulinda taarifa binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Zote zinagusa usafirishaji wa taarifa za watu nje ya nchi. Ukichagua nakala kwenye wingu, majina, namba za simu na madeni ya wateja yanaweza kukaa kwenye diski ya nchi nyingine. Wanasheria hukimbilia kusema basi tumieni DirectQuery, data ibaki nyumbani. Jibu hilo ni nusu. Majibu ya maswali nayo yanapita kwenye wingu, huduma huhifadhi baadhi yake kwa muda kwa ajili ya vigae vya dashibodi, na msomaji mwenye ruhusa anaweza kuyatoa kwenda Excel na kuyatuma kwa WhatsApp. Njia ya uhakika zaidi ni kuacha kubeba kisichohitajika. Ripoti ya madeni kwa tawi haihitaji namba ya simu ya mdaiwa, na safu isiyokuwepo kwenye modeli haivuji. Tena, kama tulivyoona, namba za simu ni aina ile ile ya safu isiyobanika, kwa hiyo mwanasheria na fundi kwa mara moja wanataka kitu kimoja.

Mei 2023 Microsoft ilitangaza jukwaa la data la Fabric na pamoja nalo hali mpya ya kuunganisha, Direct Lake. Data inakaa kwenye ziwa la data katika mafaili ya mpangilio wa safu wima, na injini inapakia kwenye kumbukumbu safu zile tu zinazoulizwa, bila kazi ya kunakili jedwali zima kwanza. Kuhuisha kunageuka kuwa suala la kuiambia modeli isome toleo jipya la mafaili, jambo la sekunde. Ni uhandisi mzuri sana, na kwa wenye mamia ya mamilioni ya mistari umeondoa usiku mwingi wa kusubiri. Ila mtu lazima aandike hiyo data kwenye ziwa, na kama mfumo wa kaunta unamwagwa humo mara moja kwa usiku, ripoti ni ya usiku huo. Uwezo unaolipiwa nao una mipaka: ngazi ya chini kabisa inaishia kwenye mistari milioni 300 kwa jedwali, ngazi ya F64 inafika bilioni moja na nusu, na katika mpangilio ambao Direct Lake ilianza nao, ukivuka kikomo au ukitumia kitu kisichokubalika modeli inaweza kurudi kimyakimya kwenye DirectQuery. Mtumiaji haoni onyo lolote. Anaona tu kwamba leo ripoti ni nzito.

Chama cha akiba na mikopo chenye mistari milioni tatu hakina cha kutafuta huko. Leseni za Pro, ambazo tangu Aprili 2025 ni dola 14 kwa mtu kwa mwezi, nakala ya alfajiri na nyingine ya saa saba mchana, pamoja na tarehe na saa kubwa juu ya ukurasa, vinakitimizia haja. Hela ambayo ingelipia uwezo wa Fabric imlipe kijana wa kusafisha daftari la wanachama, kwa sababu mwanachama aliyeandikishwa kwa majina matatu tofauti atahesabiwa mara tatu katika Import, katika DirectQuery, na ziwani pia.